Miwa Iliyoungua Siku ya Mechi

Msiniambie habari za timu ya taifa. Historia yake naijua kuliko mtangazaji, maana ilipita shambani kwetu Mayoni ikanikanyaga.

Ilikuwa enzi ya sukari, watu wamepanda miwa mpaka mlangoni. Yetu ilikuwa imekomaa, imengoja kukatwa na kampuni ya sukari mpaka imechoka. Nami, binti yao, nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ushonaji katika chuo cha Sigalagala, na karo yangu ilikuwa imesimama pale pale shambani. Kila nikimuuliza baba ni lini, ananiambia, "Ngoja zamu yetu, mama."

Zamu gani? Haikuja ng'o! Basi baba akaamua kufanya ule ujanja wa wakulima wa kwetu: kuichoma miwa yake mwenyewe, kisha apige kelele kwamba hajui moto umetoka wapi. Miwa iliyoungua huharibika upesi, kwa hiyo kampuni huikimbilia kwanza. Shida ilikuwa askari wa mashamba, waliozunguka na baiskeli kutwa nzima.

"Nitachoma saa ya mechi," akasema. "Timu ikicheza hakuna mtu anaangalianga shamba. Wote watakuwa kwa redio."

Mama akashika kiuno. "Na wakataji je? Na dereva wa trekta?"

"Wewe nawe! Maneno mengi."

Akili ni nywele, na za baba siku hiyo zilikuwa zimenyolewa. Alichoma, na kweli hakuna aliyemwona. Wachezaji wengi walikuwa vijana wetu wa Magharibi, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeshika pumzi redioni. Yeye mwenyewe alitupa kiberiti akakimbilia redio ya jirani!

Timu ikashinda. Wakataji wakalewa busaa, madereva wakalewa, siku zilizofuata hakuna aliyeshika panga. Halafu mvua ikanyesha juu ya ile miwa. Trekta ilipofika hatimaye, msimamizi alivunja muwa mmoja, akanusa ule uchachu, akautupa. Trekta ikaondoka tupu.

Nilimwendea baba kwa hasira. Alikuwa amesimama katikati ya matope meusi.

"Lakini tulishinda, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani, baba? Nani alishinda?"

Nafasi yangu akapewa mwingine. Mpaka leo nguo zangu nashonewa na watu.