Dawa Ikiwasha

Midomo ya dada yangu Anjela ilipoanza kubabuka, nyumbani tulifurahi.

Kwetu Kiegei, klorokwini iliwawasha wengi. Mtu akijikuna, wakubwa walisema dawa imeikuta malaria mwilini, nasi watoto tuliwacheka waliojisugua mgongo kwa gunzi la mahindi. Safari ile Anjela alikuwa amemeza vidonge vipya, vyenye salfa, siku chache nyuma. Alasiri hiyo alilala mkekani uani, penye harufu kali ya maganda ya korosho yaliyokuwa yakiungua. Macho yalikuwa mekundu, kifua kimejaa malengelenge.

"Mama, haiwashi hii. Inaunguza," alisema.

"Vumilia, mwanangu. Ni dawa kali, inafanya kazi."

Jirani yetu Mama Stela alichungulia, akacheka. "Leo malaria inafungasha virago, Anjela!"

Anjela naye alitaka kucheka, midomo ikapasuka. Mimi nilimwonea wivu, maana nilipougua mimi, dawa haikunifanya chochote. Mama akampa kidonge kingine ili kazi iishe. Jumapili tulimzika.

Juzi, katika hospitali moja mjini Nachingwea, nesi alishika kidonge cha binti yangu akaniuliza, "Katika ukoo wenu kuna mwenye mzio wa salfa?"

Nilimpigia Mama simu.

"Hakuna," alijibu upesi. "Dada yako aliuawa na malaria." Kisha akakata.

Nesi alikuwa bado amekishika kile kidonge, akinisubiri nijibu.