Nyuzi Sita za Omuse

Siku yangu ya kwanza kazini Malaba, mji wa mpakani, meneja wa hoteli alinionyesha jukwaa, kibodi moja na kompyuta moja. Akauliza, "Dada, hii kitu utaiweza?" Nikasema naiweza. Nilikuwa mwongo. Nilichokijua ni kinanda cha kanisa letu huko Butula.

Nilijifunza kwa kukosea. Ninyi mnaoanza, shikeni hili: kebo ya MIDI, ile inayounganisha kibodi na kompyuta, haibebi sauti. Inabeba amri tu, kwamba noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani. Sauti inatolewa na programu iliyo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo kibodi niliigawa: kushoto besi, chaneli ya kwanza, katikati gitaa, ya pili, kulia kabisa tarumbeta, ya tatu. Halafu kuna bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Ukiiacha kubwa mno, unabonyeza sasa na sauti inakuja baadaye, wateja wanadhani umelewa. Mimi nilidhaniwa hivyo wiki nzima.

Jukwaani nilikuwa na mwenzangu mmoja, Omuse wa Kocholia, aliyeimba akipiga adeudeu, kinubi cha Wateso, nami nikimwitikia. Kila mchana kabla ya kazi alikohoa, akaimba neno moja, kisha akakaza au kulegeza nyuzi zake sita mpaka zikubaliane na koo lake la siku hiyo. Nami nilinung'unika, maana ilinibidi kutafuta noti zake upya kila siku.

Meneja naye alichoka kungoja. "Madam, si hiyo kitu ya mzee unaweza ingiza kwa computer, ikae tu tuned?"

Nikaona ni akili. Tulirekodi uzi mmoja mmoja, Omuse akicheka, nikaupa kila uzi kibonye chake. Ilitoka safi kabisa. Mwezi uliofuata meneja alimwambia, "Mzee, tutakuita tukikuhitaji." Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikufungua mdomo.

Tangu hapo nilipiga bendi nzima peke yangu. Madereva wa malori walinipigia makofi, foleni ya mpakani ikisonga wakatoka mbio. Hakukuwa na mtu wa kugeuka kumtazama nikikosea. Upweke ule uliniuma, sifichi.

Karibu na kustaafu nilimfuata Omuse kwake, kompyuta begani. "Mzee, turudi wawili. Wewe imba tu." Nikabonyeza nyuzi zake. Alijaribu, sauti ikakwama.

"Hii ni koo yangu ya zamani, dada. Ya leo haifiki huko."

"Naishusha, ni kubonyeza tu." Nikashusha nusu toni, kisha nusu nyingine. "Sasa?"

"Sasa imefika." Akaisogeza kompyuta kando. "Siku ile meneja ananitoa, si ungesema kitu?"

"Ningesema," nikajibu.

Alinikaribisha chai, tukaongea habari za mihogo. Hakuimba.

Sasa nimestaafu, niko Butula. Watu huniuliza kazi ilikuwaje, nami nawaeleza chaneli na bafa, wanaridhika. Wakishaondoka nawasha kompyuta. Nakohoa, naimba neno moja, kisha nashusha nyuzi za Omuse mpaka zikubaliane na koo langu la siku hiyo. Naimba kiitikio changu, halafu nanyamaza pale alipokuwa akiingia yeye.