Mlango wa Chumba Chetu

Miaka ya sabini, mwenye nyumba alitaka chumba chetu cha Majengo kwa ajili ya mwanawe aliyekaribia kuoa. Mama alipokataa kuhama, mzee yule aling'oa mlango akaenda nao. Chifu akatuambia kesi za wapangaji si zake, ni za baraza la kodi, mjini. Huko Mama alisikilizwa, akapewa karatasi yenye muhuri: tusifukuzwe. Mwenye nyumba aliisoma, akairudisha kwa mikono miwili.

"Sijamfukuza mtu, mama. Kaeni."

Mlango hakuurudisha. Karani wa baraza akasema mali ikichukuliwa hiyo ni jinai, twende korti ya Makadara. Makadara wakatuuliza mtu ataibaje mlango wake mwenyewe, wakaturudisha kwa baraza. Wote walikuwa na adabu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Tulitundika leso mlangoni. Mvua ya Aprili ikaingia mpaka kitandani, na wiki ya pili tukahama wenyewe. Tulipokuwa tukitoa kitanda, bwana harusi alisimama uani ameushika ule mlango, akisubiri tumalize. Mama alikuwa bado na karatasi ya ushindi kifuani.