Bwawa la Kaka

Kaka yangu alitunza bwawa la maji machafu kiwandani kwetu kwa miaka kumi na tisa, na aliyemwaga unga wake ni mimi. Nalisema mapema, maana sina subira na masimulizi ya kuzungukazunguka.

Bwawani humo wanaishi vijidudu wanaokula uchafu kabla maji hayajaruhusiwa kwenda mtoni. Kaka hakusomea lolote, lakini aliwajua kwa harufu. Kila asubuhi alichota tope kwenye chupa ndefu ya kioo, akaiacha nusu saa, kisha akatazama lilivyotuama. Likituama sawasawa alisema, "Wanangu wamelala vizuri." Mkewe alimtania kwamba watoto wa nyumbani hajawahi kuwauliza wamelalaje. Siku moja nilimwekea tone chini ya hadubini, akawaona wakikimbizana, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Yeye ndiye aliyepeleka barua yangu ya kuomba kazi ofisini, ameitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nikaajiriwa maabara. Tunatengeneza manukato ya sabuni kwa kuchanganya mafuta na maji ya kostiki, yale makali ya kupikia sabuni, na vitu hivyo viwili havielewani hata kidogo. Mashine ilikuwa ikikoroga saa kumi na nane ndipo vigusane vya kutosha. Nilihangaika miaka saba, nikapata chumvi moja tuliyoibandika jina la Mshenga, kwa kuwa inabeba kilichomo kwenye maji, inakivusha hadi kwenye mafuta, halafu inarudi kubeba kingine. Saa kumi na nane zikawa mbili. Meneja alinisifu mbele ya watu wote, nikavimba kichwa.

Kazi ikiisha, Mshenga huoshwa kwa maji na kutoka nayo hadi bwawani. Nilikuwa nimechora mtambo wa kumnasa njiani. Meneja akasema ama mtambo usubiri mwaka ujao, ama mradi mzima usubiri. Nikatia saini kwamba kitakachotoka ni kidogo, hakina madhara. Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimechoka kusubiri, basi.

Wiki ya tatu tangu tuanze kumtumia Mshenga, bwawa likafura povu jeupe na kunuka. Chupani tope likakataa kutuama. Kaka alikuja maabara na tone lake, tukaliweka chini ya hadubini. Hakikuonekana kilichosogea.

"Mdogo wangu, wewe ndiye msomi," alisema. "Ni kitu gani kimewaua wote hivi?"

Nilijua. Chumvi za jamii ile hutiwa kwenye dawa za kusafishia sakafu za hospitali. Kuua vijidudu ndiyo kazi yake, na nililijua hilo tangu chuoni.

"Joto, kaka. Mwaka huu limezidi."

Aliamini kwa sababu nimesema mimi. Akalibeba neno hilo mpaka kwenye kikao cha uchunguzi, na mimi nimekaa upande wa meneja. Akaeleza kwa fahari kwamba mdogo wake mkemia amethibitisha ni joto. Meneja akamuuliza, kama alijua ni joto, mbona hakuwasha mashine zote za kuwapulizia vijidudu hewa, maana maji yakipata joto hewa hupungua? Kaka akanitazama nimsaidie. Nikafungua kalamu yangu, nikaifunga. Wakamwachisha kazi kwa uzembe, na alasiri hiyohiyo akarudisha mabuti na ufunguo wa lango.

Mwezi mmoja baadaye aliniita kwake. Uani, chini ya bati, alikuwa na ndoo ya tope la bwawani alilolichota siku ya kuondoka, na mpira mwembamba ukipuliza hewa kutoka kwenye pampu ya tangi la samaki. Alikuwa akilibadilishia maji kila siku na kulilisha maji aliyooshea mchele. Lilinukia udongo uliolowa mvua, harufu ya bwawa lenye afya. Wachache waliosalia walikuwa wamezaliana.

"Hapa chini ya bati kuna joto kuliko kule," alisema polepole, "na bado wamefufuka."

Nikangoja. Nilitaka aniulize. Naapa angeuliza ningesema yote.

"Basi ni kweli nilikosea hewa," alisema. "Miaka yote hiyo, kumbe kazi yenyewe sikuijua." Akanikabidhi ndoo. "Wapeleke wakawe mbegu. Bwawa lisife kwa ajili yangu."

Niliwapeleka. Nikawamimina kwenye lile povu mchana kweupe, nimevaa koti langu la maabara, na maji yenye Mshenga yakitiririka kutoka kwenye bomba lililo kando yangu. Siku ya pili tope halikutuama. Mwaka ule aliousema meneja umekwisha, na mtambo wangu bado uko kwenye karatasi.

Kaka hunipigia simu kila Jumapili. Haulizi habari za kiwanda wala za meneja. Huuliza tu wanawe wamelalaje.

"Vizuri, kaka," namjibu. "Wamelala vizuri."