Mbuzi wa Rukia

Chini ya chumba ninachokodi yuko fundi wa magari, na kila asubuhi anapofungua betri kuukuu harufu ya asidi hupanda ngazi, ikapita chini ya mlango na kunikuta kitandani nikipanga majibu ya usaili ambao sijaitwa. Ni harufu kali, kama ndimu iliyosahauliwa kwenye sufuria. Wapangaji wenzangu huilalamikia. Mimi hunirudisha kwetu, karibu na soko la Tulia, miaka ya mwanzo ya themanini, Jumapili jioni.

Televisheni yetu, ile ya nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari. Baba alikuwa mwalimu, na kila Jumamosi aliifunga betri kwenye keria ya baiskeli akaipeleka sokoni ikachajiwe pale posho mill, kwenye kinu cha kusagia unga. Ilirudi ikinuka, ikawekwa juu ya gunia pembeni mwa sebule, na majirani hawakuhitaji kualikwa. Jumapili kiza kikianza kuingia, viti vilikuwa vimejaa na sisi watoto tumeketi sakafuni, magoti yamebanana.

Aliyetawala sebule hiyo alikuwa Susu, mama yake Baba. Kiingereza hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakuna kipindi kilichompita bila hukumu. Msomaji wa habari akisema habari za jioni, Susu alimjibu, kisha akatuambia kwamba mtu yule hajala tangu asubuhi. Filamu za wanaume wenye kofia pana wakifukuzana jangwani zilimchosha. "Farasi wa watu hawa hawanywi maji," alisema. "Hawatafika wanakoenda." Wapendanao wakikumbatiana kwenye mvua, yeye alitafuta kitu kingine kabisa. "Mvua yote hiyo, na hakuna hata mtu mmoja ametoa ndoo nje." Sisi tuliochimba mchanga wa mto kutafuta maji hatukuona kichekesho hapo. Mimi, ambaye tangu utotoni sijui kuacha jambo lipite, nilikosa usingizi kwa ajili ya farasi wale.

Halafu ukaanza mchezo wa kuigiza wa Rukia. Rukia alikuwa mke wa tajiri mmoja wa mjini aliyempiga na kumfungia ndani, na kipindi cha pili au cha tatu hivi alitoroka akarudi kwa mama yake. Majira hayohayo shangazi yangu Mwende, dada mdogo wa Baba, alikuwa amekuja kutoka Matiliku alikoolewa, na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Tuliambiwa amekuja kusalimia. Salamu zile zikaendelea hadi baada ya mavuno ya mbaazi, na hakuna mtu mzima aliyeuliza lolote mbele yetu.

Rukia ndiye waliyemuuliza.

"Huyo arudi kwake," alisema Mzee Kilonzo, jirani yetu na mzee wa kanisa. "Mwanamke hawezi kufungasha virago kwa sababu ya kofi moja."

"Na watoto atawaachia nani?" akadakia Mama Nduku, aliyekuwa na kibanda cha mboga sokoni. "Mimi huyu simwonei huruma. Ana kiburi. Angalia anavyotembea."

Anti Mwende alikuwa akimimina chai. "Na kama si kofi moja?" aliuliza, macho kwenye kikombe.

Wote walikodolea macho tangazo la sabuni kana kwamba lina siri. Ndipo Susu akasema, polepole, "Mimi sijaona mbuzi."

Sebule nzima ikacheka. Kwetu mwanamke hawi huru kwa kuondoka tu. Mpaka watu wa kwao wapeleke kwa mume mbuzi wa kukataa ndoa, yeye bado ni mke wa mtu, hata akikaa kwao hadi nywele ziwe nyeupe. Rukia alikuwa amelia, amepanda teksi, amezungumza na wakili, lakini mbuzi hakuna. Tangu siku hiyo Susu hakuacha. Kipindi kikianza, mbuzi yuko wapi. Kikiisha, huyu hana baba wa kumtolea mbuzi? Watu walicheka kila mara, isipokuwa Baba, ambaye kicheko chake kilizidi kupungua. Mimi nilibaki na shida yangu: mama yake Rukia aliishi kwenye ghorofa, na sikuelewa mbuzi angefungwa wapi.

Ikafika Jumapili ambayo mume wa Rukia alikuja kumchukua. Alisimama mlangoni na maua mkononi, Rukia akainua uso kumjibu, na picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni. Betri ilikuwa imekwisha. Likabaki doa jeupe katikati ya kioo, kisha likazimika.

Siku hiyohiyo kanisani zilikuwa zimeletwa habari kwamba watu wa Matiliku wangekuja Jumamosi kumchukua Anti Mwende. Hilo nililijua, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kufikiria mchele.

Taa ya kandili iliwashwa. Hakuna aliyeondoka. Mzee Kilonzo akasema Rukia ameenda, lazima, maua yale si bure. Mama Nduku akasema asipoenda basi ni mwanamke mbaya, na watu wajue hivyo. Mwishowe Susu akamgeukia Baba.

"Mutua, wewe ungekuwa baba yake ungesemaje?"

Baba alikohoa. "Ningemwambia avumilie, mama. Ndoa ni kuvumilia."

"Umevumilia nani wewe?"

Anti Mwende alikusanya vikombe akatoka navyo, na sisi tukasikia maji yakimwagwa jikoni kwa muda mrefu kuliko vikombe vilivyohitaji.

Asubuhi Baba hakwenda shule. Alimfungua beberu mwekundu kutoka zizini, akamwita Mzee Kilonzo, na wote wawili wakashika njia ya barabara kubwa bila kuzungumza, mbuzi akivutana na kamba. Nilijua wanakokwenda. Walikuwa wanampelekea mume wa Rukia. Jumamosi hakuna mgeni aliyekuja, mchele ukabaki mkebeni. Jumapili, betri ikiwa imejaa, tulimkuta Rukia amepanga chumba chake mwenyewe na anacheka na jirani. Niliwaangalia watu wazima nikitarajia mtu amsifu Baba. Susu alisema tu kwamba chumba kile hakina dirisha la kutosha.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoelewa mbuzi yule alikuwa wa nani, na hilo lilinifanya nicheke. Lililoninyima kicheko nililisikia mwaka jana, baada ya mahafali yangu, nilipomtembelea Anti Mwende kwenye duka lake dogo la nguo huko Malili. Nilimsimulia habari za mbuzi wa Rukia. Alitabasamu, akaendelea kukunja shati.

"Usiku ule nilikuwa nimeshafunga nguo zangu," alisema. "Asubuhi ningerudi Matiliku mwenyewe, kabla hawajaja. Baba yako hakunifukuza. Ni yale maneno ya Mama Nduku. Nilifikiri, kama huyu wa televisheni ambaye hata hawamjui wanamsema hivi, mimi je?"

Mama Nduku alikuwa mtu mwema. Alituletea sukuma wiki bila malipo, na naamini alipofika kwake hakukumbuka hata alichosema.

Siku hizi jioni wapangaji hukusanyika kwenye chumba chenye televisheni, nami hushuka, nimechoka kutembea ofisi hadi ofisi. Wanabishana kuhusu mke wa mchezo fulani, amsamehe mumewe au amwache, kisha mmoja hunigeukia mimi niliyesoma. Nami huzungusha macho chumbani, nikitazama nyuso za wanaonyamaza, nisijue nani kati yao ameshafunga nguo zake, na ninapochelewa kujibu husema sikuwa nikiangalia.