Siku Sauti ya Mama Ilipoagiza Watu Warudi Dhambini

Nimewahi kuteleza na kukaa kwenye matope mbele ya stendi nzima, nimewahi kuenda kazini shati limegeuzwa ndani nje, na hayo yote naweza kuyasimulia huku nakula. Hili la makambi ya Birongo lilinichukua miaka mingi kulitamka, na ninalisema leo kwa sababu wengi waliokuwepo wamezeeka, na wale ambao hawajazeeka bado wananisalimia wakiwa wamefunika mdomo (mnajijua).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Naitwa Nyabuto, mzaliwa wa kijiji cha Manga, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Kiogoro na nimepata kazi ya kupiga chapa katika duka moja mjini Kisii. Duka lilikuwa la Bwana Dinesh. Babake aliuza madaftari na kalamu hapo kabla yake, yeye akaongeza mashine ya kutoa nakala, kompyuta mbili, na mwaka huo akaleta intaneti, ambayo ilipita kwenye waya wa simu na ambayo wengi wetu mjini tulikuwa tunaijua kwa jina tu. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za watu, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Intaneti sikuigusa mpaka Hetal aliporudi.

Hetal ni binti wa Bwana Dinesh, tulikuwa rika moja, na alikuwa amekuja likizo kutoka Uingereza alikokuwa anasoma. Saa ya chakula babake alikuwa akifunga mlango wa mbele anaenda nyumbani, Hetal anabaki kwenye kompyuta ya ndani, nami nabaki kwa sababu Kiogoro ni mbali kwa mtu anayetembea. Siku moja akanivisha hedifoni kichwani bila kuniuliza.

"Sikiliza hii," akasema. "Usiniambie kitu mpaka iishe."

Ulikuwa mdundo ambao haukupigwa na mkono wa mtu, unaenda sawasawa kama moyo, halafu juu yake sauti kama maji yanayodondokea kwenye debe, inarudia, na kila ikirudia kuna kitu kidogo kimeongezwa. Nilingoja mtu aanze kuimba. Hakuna aliyeanza, na baada ya dakika nne nilikuwa nimesahau kwamba nangoja.

"Hii ni bendi ya wapi?"

"Si bendi. Ni mtu mmoja chumbani kwake, na kompyuta kama hii."

Hapo ndipo nilipopotea. Kulikuwa na ukurasa wa intaneti ambamo watu wasiojuana waliweka nyimbo zao, mwingine anauchukua wimbo wa mwenzake anaukata upya, anauita rimiksi, mwingine anachukua sauti ya wimbo huu na ngoma ya wimbo ule anavishonea pamoja mpaka unaapa kwamba wale wawili waliimba chumba kimoja. Wimbo mmoja ulimaliza saa nzima ya chakula kuingia kwenye mashine, na mtu akipiga simu ya duka kuuliza kama tuna wino, laini inakatika na tunaanza upya. Niliacha kula mchana. Mwezi wa pili Hetal akanionyesha programu ya kukatia, ambayo inachora sauti kwenye kioo kama safu ya milima, unachagua kilima unachotaka, unakihamisha. Na siku nilipokuta wimbo ambamo mtu alikuwa amechukua sauti ya mama mmoja mzee wa kanisani na kuiwekea ngoma chini yake, nikajua ninachotaka kufanya.

Sasa niwaambie juu ya mama yangu. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu la Sabato kule Manga, na nikisema alikuwa na sauti sisemi kama mtoto wake, waulizeni hata wasiompenda. Mwaka huo kwaya ilikuwa imerekodi kanda ya nyimbo sita, nikapewa mimi nitoe nakala safi na kuichapia jalada, kwa sababu kwenye makambi ya Birongo, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, angekuja mchungaji mgeni kuchagua kwaya moja ya kuenda kuimba kwenye mkutano mkubwa Nairobi. Mama hakuwa amewahi kupita Sotik, mji wa jirani tu kwenye njia ya Nairobi. Na wiki hiyo, baada ya kuchuma chai kwenye mvua siku mbili mfululizo, sauti ikampotea kabisa, akabaki na mnong'ono. Kwaya haikuweza kuimba bila yeye. Ikaamuliwa kwamba mgeni achezewe kanda.

Wimbo wa sita mama alikuwa ameutunga mwenyewe. Kiitikio kinasema, "Sirudi dhambini tena, njia nimeijua," na ile "si" ya mwanzo huwa anaivuta, anaivuta mpaka unadhani hatapumua tena, ndipo anaiachilia.

Ijumaa, saa ya chakula, nikamaliza rimiksi yangu ya wimbo huo. Hetal alikuwa ameenda Kisumu kwa jamaa zake, kwa hiyo hakukuwa na sikio la pili. Nilitaka kuisikiliza jioni chumbani kwangu kwenye redio, ila ningehitaji kanda tupu, na wenye maduka ya kanda walikuwa wameshafunga mapema kujiandaa na Sabato. Mbele yangu kulikuwa na nakala ya kwaya, nyimbo sita zimeisha, nafasi imebaki. Nikaamua kuirekodi hapo mwishoni, nikaisikilize Kiogoro, nikaifute, kesho niipeleke kanda ikiwa safi. Uamuzi wenyewe haukuchukua hata dakika moja.

Nilipofungua mlango wa duka, mama alikuwa amesimama nje. Alikuwa amekuja mjini kwa daktari wa koo, ameona apite.

"Kanda," akanong'ona, amenyoosha mkono.

Ningeweza kusema neno moja tu, bado. Lakini jalada lilikuwa limechapwa tayari, jina lake liko juu, na alilitazama kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akitazama kitu. Nikampa. Nikajiambia nitamwona shemasi kesho asubuhi.

Shemasi Ombati ndiye alikuwa anasimamia vyombo. Nilimkuta uwanjani Birongo akifunga vipaza sauti kwenye mikaratusi, vitatu, kila kimoja kimeelekezwa upande wake wa vilima.

"Shemasi, hiyo kanda ya Manga, tafadhali uisimamishe baada ya wimbo wa sita."

"Kwani kuna wimbo wa saba?"

"Hakuna."

"Basi itasimama yenyewe," akasema, akaendelea na waya wake.

(Ningeweza kumwambia ukweli. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria mambo ya maana zaidi.)

Alasiri wageni wakiwa wameketi mbele chini ya turubai, kanda ikawashwa. Wimbo wa kwanza watu wakatulia. Wa tatu mchungaji mgeni, mtu wa Taita, mrefu, akawa anaandika kitu kwenye kidaftari. Mama alikuwa benchi la mbele, shingo imefungwa leso, na mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwenye meza ya vyombo nikihesabu nyimbo kama mgonjwa anavyohesabu sindano. Wa sita ukaisha. Nikaanza kuinuka. Mchungaji naye akainuka, akachukua maikrofoni.

"Wimbo huu una uzito," akasema. "Shemasi, usizime. Tukae na ujumbe huu kidogo."

Tukakaa na ujumbe. Mkanda ukazunguka kimya, mimi nimeinama nusu, si kuketi si kusimama, na watu wa nyuma yangu wananivuta koti nisiwazibie. Halafu ngoma ikaanza. Du, du, du, du.

Shemasi Ombati alidhani ni jenereta. Aliacha meza akakimbilia nyuma ya turubai ilikokuwa, na mimi nikakimbilia mezani, nikakuta waya saba za rangi moja, nikang'oa iliyo karibu. Maikrofoni ya mchungaji ikafa. Kanda ikaendelea, na sasa hakukuwa na mtu yeyote wa kutangaza lolote, na sauti ya mama yangu ikatoka kwenye mikaratusi yote mitatu, safi, kubwa, ikiamuru:

"Rudi dhambini. Rudi dhambini. Rudi, rudi, rudi dhambini."

Naomba mniamini nikisema kwamba ndipo nilipoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Kwenye kompyuta ile "si" ndefu ilikuwa inachelewesha ngoma, ni kilima kirefu chembamba ambacho hakikai popote, nikakikata. Baada ya kusikiliza kipande kilekile mara mia mbili nilikuwa sisikii tena maneno, nasikia tu pale mguu unapotaka kukanyaga.

Nikageuka. Kina mama wa kwaya wote walikuwa wanamtazama mama. Yeye alikuwa amesimama, mdomo umefunguka, hakuna kinachotoka, anatikisa kichwa na mikono kwa wageni, huku ile sauti yake nyingine inawahimiza watu wa Birongo warudi walikotoka. Dada aliyekaa naye alisogea kidogo kwenye benchi. Kidogo tu, lakini nilimwona. Vijana waliokuwa wakizungumza nje ya kinu cha posho, ambao mambo ya makambi hayakuwahusu, wakaja mpaka kwenye ua wa michongoma na kuanza kucheza.

"Leo wamama wa Sabato wameamua," nikamsikia mmoja akisema. "Hiyo ngoma ni noma."

Nilifungua kifuniko cha redio kwa nguvu na kuvuta kanda ikiwa bado inazunguka. Mkanda ukanasa ndani, ukaanza kutoka kama utumbo wa kuku, na neno la mwisho, "dhambini", likavutika na kushuka mpaka likawa sauti ya mwanamume mgonjwa. Halafu kimya. Jenereta nayo ikazimika, Ombati alikuwa ameifikia.

"Nani ametengeneza kitu hiki?" mchungaji akauliza bila maikrofoni.

Mzee mmoja wa kanisa akajibu kabla yangu, "Hiyo ni sauti ya kiongozi wa kwaya. Tunaijua."

Nikaona wanavyomtazama, nikajua wanaanza kuamini kwamba mwanamke huyu ana maisha mengine mahali fulani, yenye ngoma.

"Ni mimi," nikasema, na nilikuwa bado nimeshika kile kifungu cha mkanda. "Baba hana makosa. Baba hakujua chochote."

Nieleze hapa kwamba kwa Ekegusii mama mzazi tunamwita baba, na mimi nikiogopa ulimi huwa unakimbilia nyumbani. Mchungaji wa Taita angejuaje. Akatazama huku na huku.

"Baba yako yuko hapa?"

Kule nyuma kabisa, babangu, mkulima wa chai asiyependa kuonekana, akasimama amevua kofia.

"Niko, mchungaji. Lakini mimi hata kuiwasha hiyo mashine sijui."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniruhusu kutoka uwanjani nikitembea badala ya kukimbia.

Kwaya ya Kiogoro ndiyo iliyoenda Nairobi. Mama aliombwa apumzike kuongoza mpaka wazee wachunguze, nami nikaitwa mbele yao kueleza. Nilieleza karibu saa nzima.

"Hiyo intaneti iko wapi?" mzee akauliza.

"Inapita kwenye simu."

"Sasa wewe ulimpigia nani?"

Mwisho niliwachezea kanda ya asili, nikawaimbia mwenyewe kwa sauti yangu mbovu mahali nilipokata, wakatazamana, na baada ya Sabato tatu mama akarudishiwa kwaya. Mimi nilikatazwa kugusa chombo chochote cha kanisa, na sikulalamika.

Kilichonitesa zaidi ni nyumbani Manga, nilikorudi kulala siku hizo. Siku nane mama hakunisemesha, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni koo. Ananiwekea chakula, ananitazama, anaondoka. Siku ya tisa alikuwa anamenya ndizi jikoni, akaniita, na sauti ilikuwa imerudi.

"Nyabuto. Ile 'si' yangu uliitoa ukaipeleka wapi?"

"Niliifuta, mama."

Akamenya ndizi nyingine mbili.

"Umesikiliza nyimbo za watu wa dunia nzima, watu ambao hata majina yao hujui, unakosa kula. Mimi uliyenikata sauti, neno langu hukulisikiliza."

Muziki sikuuacha, bado natengeneza, lakini niliweka nadhiri siku ile jikoni kwamba sitakata sauti ya mtu mpaka nimwulize alikuwa anasema nini, na nimeishika.

Wiki iliyofuata baada ya mama kurudishiwa kwaya, walihitaji nakala mpya. Walikuja dukani wote, kina mama kumi na wawili na magauni yao ya Sabato siku ya Jumatatu, Bwana Dinesh akawatafutia viti mpaka vikaisha, na wakataka isikilizwe hapo hapo mbele yao. Nyimbo sita zikapita. Wimbo wa mwisho ulipoisha nikanyoosha mkono nizime, mama akaushika.

"Wacha ifike mwisho," akasema.

Tukakaa tukiisikiliza kanda tupu, wateja wanaingia, wanatuona tumenyamaza, wanatoka tena taratibu, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Mama akatazama wenzake mmoja mmoja, wakaitikia kwa kichwa.

"Sasa geuza," akasema, "tusikie upande wa pili."