Mnara wa Tano wa Mama Masika

Mama Masika, fundi cherehani wa La Rochelle, hajawahi kukanyaga Ureno, lakini mguse habari za Vale de Amieiro ukome mwenyewe. Atakuambia mto unaukata mji vipande viwili, kata ni sita, na kata ya ng'ambo ndiyo inayolalamika kila kikao cha halmashauri. Mimi nasuka nywele nyuma ya pazia lake. Nimeyasikia yote, wala sikuomba.

Mwalimu wake ni Mzee Abílio, Mreno wa mtaani kwetu, mzaliwa wa huko. Zamani alikuwa na duka Bukavu, Kiswahili anakijua. Mwaka 2017 alimpa Masika kazi ya kudarizi bendera ya mji wao, kwa kuwa meya mwenyewe alikuwa anakuja kwenye sherehe ya klabu ya Wareno wa hapa. Kila jioni alimchorea ngao ya bendera na ramani ya mji kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Masika alitaka bendera hiyo imtoe. Alishachoka kupunguza suruali za watu.

Jumamosi, mkesha wa sherehe, mzee akaja kuichukua. Akahesabu minara iliyo juu ya ngao, akakaa chini.

"Mitano! Nilikuchorea minne!"

"Ule wa tano ni matabishi, papa. Njo vile tunafanyaka kwetu Butembo. Mteja anaongezewa kidogo."

"Matabishi ni ya unga, si ya halmashauri! Minara minne ni mji mdogo. Mitano ni jiji! Watasema meya amejipandisha cheo!"

Nilicheka mpaka kitana kikaanguka. Kisha nikamwona Masika machozi yakimlenga, nikaona haya. Alifumua mnara wa katikati uzi kwa uzi. Likabaki pengo, kama jino lililong'oka, na muda wa kudarizi upya haukuwepo.

Jumapili, mbele ya ukumbi mzima, meya akaweka kidole palepale. Akauliza pamekuwaje. Abílio alitafsiri huku akitokwa jasho.

Masika akasimama. "Mwambie ile ni nafasi, papa. Tumewawekea ya siku mtakuwa jiji. Anipigie tu simu, nitakuja na sindano."

Meya alicheka hadi akafuta macho, akaiomba bendera akaitundike ofisini kwake, pengo lisizibwe. Wiki hiyohiyo klabu nyingine mbili zikaleta kazi zao.

Suruali siku hizi anazikataa. Ila uzi wa fedha wa ile minara uliobaki ameufungia kabatini pamoja na sindano, na ole wangu nikiugusa: Vale de Amieiro wanaweza kupiga simu wakati wowote.